Mwaka Niliorudi Kuonja Sabuni

Tulimzika Concilie Jumamosi iliyopita, na kama ilivyo kawaida ya mji huu, watu ambao hawakuwahi kumsalimu akiwa hai ndio waliogombania kipaza sauti. Mmoja wao ni mtoto wa tajiri tuliyemwita Patroni, bwana mnene mwenye miwani ya jua aliyerithi kiwanda cha sabuni bila kujua sabuni inaanzia wapi na inaishia wapi. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya nyumba yao. Nguzo yenyewe ilishika mwiko wa kukorogea sabuni kwa miaka ishirini na sita, ikastaafu na miguu iliyovimba, na siku ya kuagwa ikapewa saa ya ukutani isiyokuwa na betri. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, mtandio wangu kichwani, nikicheka kwa ndani. Nina miaka sitini. Umri umenipa kisukari na haki ya kudharau watu bila kuomba ruhusa, na siku hiyo nilikuwa naitumia haki yangu vizuri tu, mpaka tulipotoka makaburini, tukafika nyumbani kwa wafiwa kunawa mikono, nikamwona aliyeshika birika la maji. Alikuwa Désiré. Nywele zimemtoka mbele na kitambi kimemjia, lakini ni yeye, yule niliyemfukuzisha kazi kwa mdomo wangu mwenyewe mwaka niliorudi kiwandani. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, maana hayo hayahusiani na sabuni. Inatosha kujua kwamba mimi ni mtu wa Buyenzi, watu huniita Mama Sauda, na kwamba nilipokuwa na miaka arobaini na mitatu nilikuwa shefu wa mapishi katika kiwanda kimoja cha Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, upande wa kuelekea bandarini. Mawese yalikuja kwa mapipa kutoka Rumonge. Tuliyamimina kwenye tangi, tukayachemsha pamoja na kostiki, ile soda kali inayokula ngozi, na kazi yote ya shefu ilikuwa kujua saa ambayo mafuta yamekwisha kuimeza kostiki yote. Ukiitoa sabuni mapema, inababua watu. Sisi tulijua kwa ulimi. Concilie alichota kidogo kwa mwiko, akapuliza mpaka ipoe, akaninyoshea, nami nikagusa kwa ncha ya ulimi. Kama bado, inauma kama umelamba betri. Kama imeiva, haisemi kitu. Hapo niliuchukua ule mwiko nikaugonga mara tatu kwenye ukingo wa tangi, na wanaume wakafungua bomba. Hakuna aliyethubutu kufungua kabla ya kusikia mara tatu. Hata Patroni mwenyewe, mwenye mali yake, alisimama pembeni mikono nyuma, akingoja ulimi wa mwanamke wa Buyenzi. Nisidanganye, nililipenda jambo hilo kuliko mshahara.

Halafu nikaanguka. Mshipa wa kichwani, alisema daktari, na upande mmoja wa uso ukalegea kama nguo iliyolowa. Nilikaa nyumbani miezi kumi na minne. Wagonjwa wenzangu watanielewa: ugonjwa haukuumizi kama wanavyokuumiza wageni. Walikuja na ndizi na nyuso za huruma, wakakaa kitandani mwangu kwa makalio yao yote, wakasimuliana mbele yangu habari za watu waliokufa kwa ugonjwa ule ule. Wafanyakazi wenzangu walikuja mara mbili, mara ya pili wakiwa na haraka. Uso ulirudi taratibu, maneno yakarudi, nikaanza kutembea bila fimbo. Kitu kimoja hakikurudi. Ulimi wangu ulisogea na kusema kama zamani, lakini ulikuwa hausikii. Niliweka chumvi, sikusikia. Niliweka ndimu, sikusikia. Kilikuwa kipande cha ndala kinywani mwangu. Daktari hakuniuliza, nami sikumwambia. Sikumwambia hata Sauda mwanangu, aliyekuwa ananipikia na kuniuliza kila siku kama chumvi inatosha. Nilijibu inatosha.

Kwa nini basi nilirudi? Watu wa siku hizi hupenda kusema kurudi kazini ni furaha, ni heshima, ni sijui nini. Upuuzi. Nilirudi kwa sababu nilisikia kuna mtu amekaa mahali pangu. Niliposimama mbele ya meza ya Patroni na barua ya daktari, alinitazama kama mtu anayepima mbuzi sokoni. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi na roho iliyokunjamana. Akaniambia, "Mama Sauda, mi nafurahi sana, kweli. Mais kazi ni kazi. Nakupa miezi sita ya kujaribu. Tangi moja ikiharibika, unaenda kuuza ku dirisha, na Désiré anabaki shefu." Dirishani ndipo walipowekwa waliokwisha: mzee aliyekatwa vidole na mashine, na shemeji wa Patroni aliyekuwa mlevi. Walikaa pale kutwa wakiuza sabuni ya rejareja na kufukuza nzi. Nikasema nimekubali. Basi mjue tangu sasa kilichokuwa mkononi mwangu mwaka ule: kiti, ulimi uliokufa, na miezi sita ya kuwaficha watu wote.

Siku ya kwanza nilikuta biro yangu, ofisi ya shefu, imegeuzwa. Meza iliyokuwa inatazama matangi ilikuwa sasa inatazama ukuta, na ukutani pamebandikwa karatasi zenye mistari na namba. Kalenda yangu ya msikiti haikuwapo. Désiré alisimama mlangoni, kijana wa miaka ishirini na minane aliyetoka chuo, shati jeupe katika kiwanda cha mawese, nikaona hapo hapo kwamba huyu hana akili. Kabla sijaugua nilimfundisha mwaka mzima, na mwaka mzima alikuwa anaandika kila nilichosema katika daftari kama karani wa mahakama.

"Shefu, karibu tena," akasema. "Vitu yako yote niliweka mu karato, iko pale juu ya kabati. Apana kupotea hata kimoja."

"Na meza yangu?"

"Mwangaza, shefu. Mi naandika sana, mwangaza ya pale ilikuwa inanisumbua macho."

"Sabuni haiivi kwa kuandikwa," nikamwambia. "Rudisha meza."

Akairudisha mwenyewe, peke yake, akiikokota, na miguu ya meza ikapiga kelele mpaka watu wa kukata miche ya sabuni wakasimama kutazama. Nilifurahi kwamba wametazama. Katoni niliikuta imefungwa kwa kamba, juu yake jina langu limeandikwa kwa kalamu nzito, na ndani kila kitu kimefunikwa kwa gazeti kisipate vumbi. Hata kalenda ilikuwamo, imekunjwa vizuri. Leo naikumbuka ile kamba na lile gazeti kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu. Siku ile niliona ni unafiki tu.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuwa vile vikaratasi vyake. Alikuwa na kijisanduku cha vikaratasi vyembamba vya manjano. Alikichovya kimoja katika sabuni iliyoyeyushwa kwenye maji, kikageuka rangi, akakilinganisha na picha za rangi zilizo kwenye kifuniko. Bluu iliyokoza, bado. Ikipungua mpaka kijani, tayari. Wakati nilipokuwa kitandani alikuwa akipika hivyo, na wale wanaume wa bomba, wale wale walioapa kwamba bila Mama Sauda hakuna sabuni, walikuwa wamezoea kufungua kwa kutazama kikaratasi. Nikapiga marufuku. Nikasema mbele ya wote kwamba katika tangi langu hakuna mtu atakayepika kwa kusoma rangi kama mtoto wa chekechea. Wakacheka wote, maana watu wa bomba humcheka yeyote aliye chini siku hiyo. Désiré akavitia vikaratasi mfukoni. "Sawa, shefu," akasema.

Concilie ndiye aliyenigundua, na alinigundua kwa chakula. Saa sita tulikula wote katika banda la nyuma, juu ya mabenchi: ugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa, na pilipili ya Concilie katika chupa ya dawa ya kikohozi. Ilikuwa pilipili ndogo iliyolowekwa kwenye mawese, tone moja lilimtosha mtu mzima. Siku ya tatu au ya nne nilikuwa nawasimulia jinsi wageni walivyokuwa wanakula ndizi za mgonjwa, na nikawa namimina bila kutazama. Nilimimina kama mchuzi. Nikala, nikaendelea kusimulia. Watu walikuwa wanacheka. Concilie hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu wa Buterere, mkimya, wa umri wangu, uso wake mpana usiojua kuficha kitu. Alitazama sahani yangu, akatazama macho yangu yaliyokuwa hayatoi hata chozi, akaichukua chupa taratibu akaifunga kizibo. Jambo hilo hakulitaja, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Kesho yake, kwenye tangi, alichota sabuni, akapuliza, na kabla hajaninyoshea mwiko akagusa mwenyewe kwa ulimi. Hakuwahi kufanya hivyo katika miaka yote. Uso wake ukakunjamana. Nami nikaonja kwa kipande changu cha ndala, nikasema kwa sauti ya shefu, "Bado." Baada ya saa moja akachota tena, akagusa, uso ukabaki umetulia kama maji ya mtungini. Nikaonja. Nikagonga mara tatu. Hivyo ndivyo nilivyopika miezi mitano. Alikuwa ulimi wangu, na malipo yake yalikuwa nini? Nilimwambia mbele ya watu asichezecheze na mwiko. Nilisema anachelewa kupuliza. Nilimdharau kwa sababu alikuwa ananiokoa, na kama hamjawahi kumdharau mtu kwa sababu hiyo, basi nyinyi ni watu wazuri, nami siwajui watu wa namna hiyo.

Katikati ya miezi hiyo nilisikia mazungumzo. Biro ya Patroni na stoo ya mapipa vilitenganishwa na ukuta wa mbao, nami nilikuwa stoo nikihesabu mifuko ya kostiki. Patroni alikuwa anasema, "Ile nafasi mi nilikupa, Désiré. Na barua nilikuwa nishaandika. We mwenyewe unajua." Nikaacha kuhesabu. Désiré akajibu kitu, lakini lori lilikuwa linarudi nyuma uani likilia, sikusikia jibu lake. Sikuhitaji kulisikia. Nilijua ninachojua: wanapanga. Yule mwenye shati jeupe anangoja tangi moja liharibike. Kuanzia siku hiyo sikumpa tena kijana yule nafasi ya kupumua. Nilimtuma kufagia chini ya matangi. Nilimwita "bwana karatasi", na jina likamganda, mpaka walinzi wa getini wakawa wanamwita hivyo. Alivumilia. Uvumilivu wake nao niliudharau, nikasema mtu mwenye damu asingekubali.

Ilibaki wiki tatu miezi sita itimie. Jumanne asubuhi ikaja habari kwamba mama yake Concilie amefariki, na Concilie hatakuja. Watu wakasema pole, pole, wakaanza kuchanga. Mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza halikuwa la marehemu. Lilikuwa la tangi la pili, ambalo lilikuwa limewashwa tangu alfajiri. Nje kulikuwa na lori linalongoja mzigo wa mkoani, dereva akipiga honi kila baada ya muda, na Patroni akawa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilichota mwenyewe. Nikapuliza mwenyewe. Nikagusa. Sikusikia kitu. Sasa fikirini: sabuni iliyoiva haisemi kitu. Ulimi uliokufa nao hausikii kitu. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikajiambia labda ndiyo imeiva, labda ulimi umepona bila mimi kujua. Nyuma yangu Désiré alikuwa ametoa kikaratasi chake bila kuulizwa.

"Shefu," akasema kwa sauti ya chini, asisikiwe na Patroni. "Iko bluu. Bluu kabisa. Tuongeze mawese kidogo, tupike tena masaa mbili."

Kama angekuwa mtu mwingine ningekubali, ningesema ngoja kidogo. Lakini alikuwa yeye, na Patroni alikuwa anatazama, na mimi nilikuwa nimesikia kilichosemwa nyuma ya ukuta wa mbao. Nikageuka nikasema kwa nguvu, "Bwana karatasi, ulimi huu ulikuwa unaonja sabuni ukiwa wewe hujui kunawa." Nikagonga mara tatu. Wanaume wakafungua bomba. Karatasi ya tangi ilitaka saini mbili, ya shefu na ya msaidizi. Nikatia yangu, nikamsukumia Désiré kalamu. "Mi siwezi, shefu," akasema. "Tia," nikamwambia. Akatia. Kusita kwake nikakuona ni woga wa kijinga.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi moja ambayo Patroni alijivunia kuliko sala zake: mfanyakazi akifiwa, kiwanda hutoa sabuni ya kunawia. Huku kwetu mtu hatoki makaburini akaingia nyumbani hivi hivi. Kuna beseni na birika mlangoni kwa wafiwa, mtu ananawa, ndipo anakaa anapewa kinywaji. Katoni moja ya miche, na Patroni anatajwa kanisani kama mfadhili. Ijumaa akaniambia nichague iliyo nzuri. Nikachagua ile ya Jumanne, iliyokuwa imekatwa jana yake, ya manjano safi, kingo zimenyooka. Bado ilikuwa mpya, ilikuwa inapendeza. Mzigo wenyewe ulikuwa haujapakiwa, lori liliharibika gia palepale uani, na hiyo ndiyo bahati peke yake waliyoipata watu wa mkoani mwaka ule. Jumamosi nilipanda gari la kiwanda na katoni magotini mwangu, mpaka Buterere.

Njia ilikuwa matope, maji yamesimama pande zote mbili mpaka kwenye mashamba ya mpunga, na nyumba ya akina Concilie ilikuwa na alama ya mafuriko ukutani, juu ya magoti. Walikuwa wametandaza vumbi la mbao ili wageni wasizame. Tulizika, tukarudi. Mimi nikasimama kwenye beseni mwenyewe, shefu mzima, nikimpa kila mtu kipande cha sabuni kwa mkono wangu, ili watu waone kiwanda kinavyomheshimu mtu wake. Alinawa padri. Alinawa Patroni, kwa madaha, akikunja mikono ya shati. Wakanawa wajomba, shangazi, majirani. Mzee mmoja aliyekuwa na mipasuko ya jembe viganjani ndiye wa kwanza kuivuta mikono kama aliyeungua. "Iyi sabuni inakula," akasema. Wa nyuma yake akasema wewe mzee una vidonda. Halafu mwingine, halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni, halafu padri akaonekana amejificha nyuma ya hema anamwagiwa maji na kijana wa kwaya. Mimi nikajinawisha haraka, kwa hasira, kuwaonyesha kwamba hakuna kitu. Ulimi wangu ulikuwa umekufa lakini viganja vyangu vilikuwa hai. Kostiki ikanishika kati ya vidole, nikajua.

Concilie alikuja wa mwisho, maana mfiwa hunawa wa mwisho pale. Alikuwa amesikia manung'uniko. Akachukua kipande mkononi mwangu, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kama kwenye tangi. Uso wake mpana ukakunjamana, nikaona. Akanitazama. Kisha akalowesha mikono na akanawa na sabuni ile ile, polepole, mgongo wa mkono, kati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, mpaka povu likamwishia, bila kuondoa macho yake usoni pangu. Mficha maradhi kilio humuumbua: methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, nikadhani inawahusu wengine. Nilitamani anipige kofi. Aliniambia tu, "Merci kwa kuja, Mama Sauda," akaingia ndani.

Jumatatu Patroni alituita katika biro yake, mimi na Désiré. Viganja vyake vilikuwa vimepakwa dawa nyeupe, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule ameguswa na sabuni yake mwenyewe. Karatasi ya tangi ilikuwa mezani. "Nani atanieleza hii?" akauliza. Désiré alinitazama. Hakuwa ananitazama kwa ubaya. Alikuwa anangoja, kama mtoto anavyomngoja mama amalize kuzungumza na watu ili waende nyumbani. Daftari lake lilikuwa kwapani, na najua kwamba ndani yake siku ya Jumanne ilikuwa imeandikwa bluu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na niliijua. Nikasema, "Mimi nilionja ilikuwa sawa. Muulize huyu wa makaratasi aliongeza nini wewe ulipokwisha kwenda. Saini yake ndiyo ya mwisho." Patroni akamgeukia. Désiré angeweza kufungua daftari. Alilitazama, akanitazama tena, na kitu kikazimika usoni pake. "Saini ni yangu," akasema. "Mi niliweka." Akaondoka siku hiyo hiyo, akipita kati ya watu wa bomba, na mmoja wao akamwita bwana karatasi. Wiki tatu baadaye Patroni alinipa barua: kiti ni changu moja kwa moja.

Concilie alirudi baada ya kuondoa msiba. Alichota, akapuliza, akaninyoshea mwiko. Hakugusa kwa ulimi. Uso wake ulikuwa ukuta mtupu, na ulibaki hivyo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Aliniitikia salamu, alinipa mwiko, alikula nami benchi moja. Uso hakunipa tena. Basi mimi, shefu mkubwa, nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya maabara, nikanunua kijisanduku cha vikaratasi vya manjano. Nilivificha katika mtandio. Kila tangi nilichukua sabuni kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nikaenda nacho chooni, nikajifungia, nikachovya, nikangoja kijani nikiwa nimechutama kati ya nzi. Kisha nikatoka, nikaonja mbele ya watu kwa madoido, nikagonga mara tatu. Nilipika hivyo miaka kumi na mmoja. Nilistaafu kwa hotuba. Walisema ulimi kama wangu hautapatikana tena nchini, nami nikawadharau kwa kuamini, wakati ni mimi niliyekuwa nimewauzia uongo huo.

Sasa Jumamosi iliyopita, kwenye foleni ya kunawa, nilifikiria kutoroka. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye kifua kikubwa aliyenisukuma kwa pochi yake, na nikafika mbele ya Désiré. Tulikuwa tumezeeka wote wawili. Nilikuwa nimesikia kwamba anapika sabuni yake mwenyewe, matangi mawili, njia ya Kajaga, na kipande kilichokuwa mkononi mwake nadhani kilitoka huko. Akaninyoshea. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, mtu mwingine asisikie:

"Onja kwanza, shefu."

Nilistahili. Nilikichukua, nikakitia ulimini mbele ya watu, kama siku zile. Sikusikia kitu. Nikasema, "Désiré, sisikii. Ulimi huu ulikufa kabla sijarudi kazini. Siku ile ya Jumanne sikusikia kitu. Ilikuwa bluu, na wewe ulisema kweli, na mimi nilisema uongo."

Birika lilikuwa limeinama kidogo, maji yakawa yanadondoka kwenye viatu vyangu. "Sasa kwa nini haukusema?" akauliza.

"Ningesema, ungepewa kiti changu. Nilisikia kwa ukuta. Patroni alikwambia barua ameshaandika."

Alinitazama. Nilitaka kuona dharau usoni pake, ingenifaa, ningejua la kufanya nayo. Haikuwapo. "Alikuwa ameandika, ndiyo," akasema. "We ukiwa bado kitandani. Mi nikamurudishia barua yake. Nikamwambia apana, tumungoje shefu, atarudi. Siku ile alikuwa ananiuliza kama nimejuta."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema apana."

Mama wa nyuma akaguna kwamba jua ni kali na watu wana kiu. Désiré akaweka birika chini. Akachukua sabuni mkononi mwangu, akailowesha, akanawa yeye kwanza, kati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akaifungua mikono yake mbele yangu niione pande zote mbili. Haikuwa na wekundu. Kisha akainua birika tena, nami nikanyosha mikono yangu.